Mashine Iliyokataa Kutulia

Benchi letu la Bwera, Uganda, liko pale barabara inapoanza kuteremka kwenda mpakani Mpondwe, mbele ya karakana ya pikipiki ya Kosiya. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mwenye birika ni mimi, Birungi. Kahawa yangu natoa Maliba, nakaanga mwenyewe, na asiyeipenda anajua njia. Kiswahili nilikipata kambini Kilembe, baba akiwa mgodini na majirani zetu wakiwa Wakenya, ndiyo maana wanaume hawa wakibishana hunifanya mwamuzi, halafu hukumu hawaisikilizi. Wenyewe ni watatu wa kila siku. Kosiya tunamwita Klachi, kwa sababu pikipiki yoyote ikiletwa, hata iwe na pancha, neno lake la kwanza ni klachi. Tefiro ni Simenti, alifanya kazi kiwanda cha simenti miaka mingi na mpaka leo anaeleza dunia nzima kwa kiwanda kile. Muhwezi ni Afande, jeshi alilitoka zamani, ila sauti ya jeshi haijamtoka. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, mwaka ule watu wa Kongo walipokuwa wakikimbia vita, wakivuka Ziwa Edward na magodoro na kuku wao, na pikapu ikasimama mbele yetu ikishusha mashine ya mtumbwi pamoja na kijana aliyekuwa hajalala.

Mbusa: Bonjour, batu ya kahawa. Nimeambiwa hapa iko fundi.

Klachi: Klachi imeungua.

Mimi: Kosiya, hata hujasimama.

Afande: Wewe! Jina. Unatoka wapi?

Mbusa: Naitwa Mbusa, afande. Mutumbwi yangu iko mwalo, pale mitumbwi inafikia, karibu na Katwe. Hii motere inanisumbua gia. Na mama yangu iko ng'ambo, Kyavinyonge, ananingojea. Kesho asubui lazima nimuvukishe.

Nikampa kikombe, akakishika bila kunywa. Akatueleza. Mashine ya mtumbwi ina mkono wa gia wenye sehemu tatu: mbele, nyuma, na katikati. Ukiweka katikati injini inalia lakini pangaboi ile ya majini imetulia. Yake haikuwa inatulia tena. Safari ya mwisho, akiwa Kyavinyonge, alipovuta kamba ya kuwasha, mkono ukiwa katikati, mtumbwi uliruka wenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda na mtoto mgongoni akaanguka majini. Waliwatoa wazima, Mungu mkubwa. Aliyekuwa anafuata kupanda ni Kahambu, mama yake Mbusa. Akarudi nyuma, akaketi kwenye mchanga, akasema hapandi. Na mwenyekiti wa mwalo wa pale akampiga Mbusa marufuku kubeba watu mpaka gia ipone.

Mimi: Si apande mtumbwi mwingine?

Mbusa: Amekataa. Ile ingine inajaa mpaka maji inachungulia ndani. Dada yake alikufa mu mutumbwi kama ile. Anasema atapanda ya mutoto wake, ao hapandi.

Mimi: Basi watu wapande kwanza, mashine iwashwe baadaye.

Mbusa: Pale batu beko bengi ndani ya maji, mama. Mawimbi inasukuma mutumbwi juu yao. Lazima motere ilie tayari, ikitulia, na bakishapanda irudi nyuma polepole. Bila ile, nitakata mutu.

Mambo yalikuwa wazi namna hiyo. Mtu mwenye akili angechukua spana. Benchi letu likachukua kahawa.

Klachi: Gia ngapi hiyo?

Mbusa: Mbele na nyuma.

Klachi: Mbili tu? Kitu kubwa hivi? Pikipiki ya katekista iko na tano! Basi tatu imepotea. Kazi ya leo ni kutafuta hiyo tatu.

Mbusa: Haijapotea. Ilitengenezwa hivyo.

Klachi: Ndiyo wanakuambianga hivyo.

Simenti: Kosiya, acha. Mimi nimeshaona. Wewe unalaza hii mashine Katwe?

Mbusa: Karibu.

Simenti: Chumvi! Katwe yote ni chumvi. Inapanda na upepo, inaingia kwa mafuta ya gia, inakaa. Pale kiwandani tulikuwa na mashine ya kusaga mawe, ikalewa vumbi, gia ikakataa. Unajua tuliosha na nini? Soda.

Mimi: Soda gani, Tefiro?

Simenti: Ile ya rangi ya chungwa. Nyeusi inaharibu vyuma.

Afande: Upuuzi. Hii ni disiplini. Mashine imezoea amri moja: songa mbele! Ilikuwa ya jeshi?

Mbusa: Apana, afande. Ilikuwa ya misheni. Padri aliuzisha.

Afande: Mbaya zaidi. Padri hana rivasi.

Walicheka, na mimi nilicheka, nisiwe mnafiki. Mbusa hakucheka. Alikuwa anaangalia simu yake kila mara, anaigeuza, anairudisha mfukoni. Nilipoona vile kicheko changu kikaisha. Cha wenzangu hakikuisha.

Simenti: Ngoja, ngoja. Padri wa wapi?

Mbusa: Wa Butembo.

Simenti: Kongo! Jameni, tumepoteza wakati wa nini? Kongo wanaendesha upande gani?

Klachi: Kulia.

Simenti: Na Uganda?

Klachi: Kushoto.

Simenti: Hapo chini mpakani, kila lori ikivuka inabadilisha upande. Iko askari anaonyesha na mkono. Sasa katikati ya ziwa, nani anaonyesha? Hakuna! Mashine imevuka na mazoea ya Kongo. Ukiiambia katikati, hiyo ni katikati ya kwetu. Yake iko kando.

Afande: Hiyo ni taarifa nzito.

Simenti: Geuza mashine itazame Kongo. Itapona.

Mimi: Kwa hiyo hata samaki wakifika katikati ya ziwa wanabadilisha upande?

Simenti: Mama Birungi, samaki haina gia.

Hapo nikanyanyuka. Nilikusanya vikombe vyote, cha Afande kikiwa nusu, nikavimwaga kwenye majani. Nikafunika birika kwa kifuniko na juu ya kifuniko nikaweka tofali. Nikawaambia leo hapati mtu tone mpaka mtu aiguse mashine ya mtoto wa watu. Wakanitazama kana kwamba nimefunga kanisa.

Kabla hawajapata la kujibu, simu ya Mbusa ikalia. Ni simu ile ya vitufe ambayo spika yake imeharibika, inasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Kahambu: Mbusa? Motere imepona?

Mbusa: Bado, mama. Niko kwa fundi.

Kahambu: Kwa fundi ao kwa kahawa? Ninasikia bikombe.

Mbusa: Fundi iko hapa, mama.

Kahambu: Sawa. Usiku tulisikia masasi ya bunduki kule mulimani. Batu bengi bameenda leo. Mimi niko hapa hapa, nimekalia mufuko yangu. Kesho ukikosa kufika nitangoja kesho ingine. Lakini mutumbwi ya mutu mwingine, apana.

Simu ikakatika. Niliona haya, na nilitaka na wao waone haya, na nadhani waliona, kwa sababu Klachi alivua kofia akaiweka kwenye ubao na kuingia karakana. Akatoka anabingirisha pipa lililokatwa nusu.

Klachi: Simenti, maji. Afande, shika huku. Tunaijaribu.

Wakafunga mashine kwenye ubao mnene wa karakana, mguu wake ukazama ndani ya pipa. Mguu ni kile kipande kirefu cha chini, chenye pangaboi, ambacho kwenye safari kinakuwa majini. Mbusa akaweka mkono wa gia katikati, akavuta kamba. Injini ikaitika, na papo hapo maji ya pipa yakaruka yote yakamvaa Afande kuanzia kifuani.

Afande: Zima! Zima hiyo! Amri!

Mbusa: Munaona? Iko katikati lakini inakwenda.

Klachi: Weka mbele.

Mbele ikashika kidogo, ikaachia kwa mlio wa krrr uliotuuma meno. Nyuma, pangaboi ilitulia kimya, haina habari. Klachi akazima, akachomoa waya wa plagi ili isije ikawaka ikamkata, akazungusha pangaboi kwa mkono huku Mbusa akihamisha gia. Mbele. Katikati. Nyuma. Uso wake ukabadilika, ukawa ule ambao huwa anao akisikiliza pikipiki na si watu.

Klachi: Mkono unasema tulia, mguu unasema twende. Hizi mbili hazisikilizani.

Simenti: Si ndiyo nilisema? Mmoja Kongo, mmoja Uganda.

Klachi: Tefiro, nyamaza kidogo.

Akapekua juu, akasukuma, akapaka mafuta, akajaribu tena. Jua likapanda. Jambo likabaki vilevile. Mara mbili Klachi alitupa spana chini na mara mbili akaiokota. Sijawahi kumwona akikaa kwa kitu kimoja muda ule wote bila kutaja klachi.

Mbusa akaomba kuonyeshwa choo. Nikamwonyesha, nyuma ya karakana. Badala ya kwenda, akatoa spana yake mfukoni, akachutama, akaanza kufungua boliti za mguu wa mashine. Alikuwa na kasi ya mtu anayevua viatu.

Mimi: Mbusa, unaenda chooni na mguu wa mashine?

Mbusa: Eh, mama. Kwetu mwalo, mutu haachake mguu.

Mimi: Kwa nini?

Mbusa: Bezi. Usiku banakuja, banabeba motere yote. Lakini motere bila mguu ni chuma ya bure. Kwa ile, kila mutu akifika anaondosha mguu yake, anaenda kulala nayo. Mimi yangu inalala chini ya kitanda. Asubui ninarudisha.

Afande: Tangu lini?

Mbusa: Tangu baliiba ya jirani. Ni mwezi iliyopita.

Hapo mguu ukawa umeachia. Kumbe juu yake panatoka fimbo nyembamba ya chuma, ambayo ndiyo inapeleka amri ya gia kutoka kwenye mkono mpaka chini. Inaungana na ya juu kwa nati ndefu. Mbusa aliishika ile fimbo kama mtu anavyoshika mpini wa jerikani, akainua mguu wote kwa hiyo, akaanza kwenda zake. Ulipoinuka tukasikia: kla!

Klachi: Simama!

Afande: Simama! Mikono juu!

Mbusa akasimama. Mikono hakuinua, alikuwa amebeba mguu.

Klachi: Weka chini. Inua tena. Shika vile vile unashikanga.

Kla!

Klachi akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akajaribu kuzungusha pangaboi, ikakataa. Akaisukuma fimbo chini kidogo kwa vidole, pole, mpaka ikagonga ndani mara moja. Akazungusha tena. Pangaboi ikazunguka bure huku, ikazunguka bure kule, kama gurudumu la baiskeli iliyogeuzwa. Akavuta fimbo juu: ikakwama. Akashusha: bure.

Klachi: Yesu wangu! Hii fimbo ndiyo gia yenyewe. Wewe ukibeba na hiyo, unaingiza gia. Halafu asubuhi unaunganisha mguu iko na gia, na mkono uko katikati. Unakaza nati mpaka inaisha, hujui gia imefika wapi.

Mbusa: Kila siku ninabebaka hivyo. Inafaa muzuri kwa mukono.

Klachi: Inafaa kwa mkono, inaua watu!

Simenti: Mimi nilisema tangu mwanzo mashine inalala pabaya.

Mimi: Tefiro, ulisema chumvi.

Simenti: Chumvi chini ya kitanda, mama. Ni kitu moja.

Afande: Kimya wote. Wewe Mbusa, kwenda choo. Huo mguu nalinda mimi.

Na kweli alisimama juu yake, ameloa, mikono nyuma, mpaka kijana akarudi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima Mbusa kwenda mahali popote mikono mitupu.

Klachi akaanza upya. Akaweka mkono wa juu katikati. Akaweka mguu katikati, akauhakikisha kwa kuzungusha pangaboi pande zote mbili. Ndipo akaunganisha fimbo na fimbo kwa ile nati ndefu, kupitia kidirisha kidogo ambacho vidole vyake viliingia kwa shida, na juu yake akafunga ile nati ndogo inayozuia ndefu isilegee. Wakarudisha boliti, wakajaza pipa. Afande alijisogeza mbali, akasema ni kwa ajili ya kuona vizuri.

Kamba ikavutwa. Injini ikalia, na maji ya pipa yakatulia. Mbusa akasukuma mbele: yakachemka kwenda huku. Akarudisha katikati: kimya. Akavuta nyuma: yakachemka kwenda kule. Akarudia, na akarudia tena, na kila akirudisha katikati maji yalitii. Aliweka kiganja juu ya mashine kama anamshukuru ng'ombe. Watu wa soko walikuwa wamesimama, wakapiga makofi. Mimi nikaondoa tofali juu ya birika.

Mbusa alipiga simu akicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka siku nzima.

Mbusa: Mama! Imepona! Inatulia, inarudi nyuma, inatii kabisa!

Kahambu: Nani aliitengeneza?

Mbusa: Fundi Kosiya. Fundi mukubwa sana wa Bwera.

Klachi akaweka kofia yake kichwani, akaikaza.

Kahambu: Iko hapo? Anisikie. Fundi, asante sana. Sasa niambie: wewe utaipanda?

Klachi alifungua mdomo. Akatazama mashine. Akanitazama mimi, kisha Simenti, kisha Afande.

Simenti: Mama, naona network inapotea...

Kahambu: Network iko. Nimeuliza fundi.

Kisha Klachi akavua kofia.

Klachi: Mama, nipe muda kidogo. Usikate simu.

Akapiga magoti, akachomoa waya wa plagi, akafungua kile kidirisha tena.

Mbusa: Unafanya nini? Si imepona?

Klachi: Ile nati ndogo nilikaza na vidole. Spana ya kuingia hapa sina. Kwa pipa inatosha. Kwa ziwa, sijui. Mimi na pikipiki nakazanga hivyo, kwa sababu mtu ikilegea anashuka, anasukuma, anarudi hapa kunitukana. Huko katikati ya maji atashuka aende wapi?

Alisema hivyo mbele ya wateja wake wote, kwa sauti ile ile anayojisifia nayo. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote nilizomuuzia kahawa.

Afande alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Alirudi na spana nyembamba aliyoitoa kwenye garage ya malori, sijui kwa ombi au kwa amri. Klachi akaunganisha kila kitu upya kutoka mwanzo. Akakaza ndefu, akakaza ndogo, akavuta fimbo kwa nguvu zake zote, haikusogea. Akajaribu kwenye pipa, akafungua kidirisha akatazama kama nati imesogea, akafunga, akajaribu tena. Hakuna aliyemharakisha. Simenti alikuwa anabeba maji bila kutoa maoni, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Klachi: Mbusa, sikia. Ukitoa mguu, beba na tumbo, kama mtoto. Fimbo usiguse. Na kabla ya kuunganisha, zungusha pangaboi na mkono. Ikizunguka bure pande zote, ndiyo unafunga. Na nati kaza na spana, hapana vidole.

Mbusa: Nimesikia, fundi.

Klachi: Mama, bado uko?

Kahambu: Niko. Nimekalia mufuko yangu.

Klachi: Nitaipanda. Kesho nakuja nayo. Lakini nakuambia ukweli, mimi sijui kuogelea.

Kahambu: Muzuri. Ile ndio fundi ninataka.

Jioni ile ile pikapu ikaondoka kwa njia ya Kinyamaseke, mashine imelala kwenye magunia, Klachi ameketi nyuma ameikumbatia. Mtu aliyezaliwa Karambi, mlimani, ambaye maji yake makubwa kuliko yote yalikuwa mto wa kuchota. Nilimfungia kahawa kwenye chupa. Hakuagana na mtu, alikuwa anaangalia boliti.

Kesho yake hakuna aliyebishana. Simenti na Afande walikunywa kikombe kwa kikombe, na mada yoyote niliyotupa iliangukia chini. Kabla ya saa sita Simenti akashindwa, akapiga namba ya Mbusa, akaweka simu katikati ya ubao kwa sauti ya juu. Ikapokewa, lakini aliyepokea hakusema. Nadhani aliibonyeza tu akairudisha mfukoni, mikono ina kazi.

Tukasikia upepo. Tukasikia watu wengi wakiitana, na watoto, na maji. Chini ya yote hayo tukasikia injini ikilia polepole, palepale ilipo, haikimbii. Mbusa akapiga kelele, "Batu basogee! Mama, sasa! Shika mukono ya fundi!" Afande akasimama wima. Injini iliendelea kulia polepole. Mtu akaguna, kitu kizito kikaanguka kwenye mbao, mfuko labda. Bado polepole. Halafu tukasikia kla, safi, moja tu, na mlio ukabadilika ukaanza kurudi nyuma, na kelele za watu wa ufukweni zikapungua, zikapungua, mpaka ikabaki mashine na maji.

Simenti: Imeshika. Jameni, imeshika.

Mfukoni mle kukawa na mkwaruzo, mtu akaitoa simu.

Kahambu: Allô? Nani iko hapo?

Mimi: Ni sisi wa Bwera, mama. Wa benchi.

Kahambu: Ah, batu ya kahawa. Mimi iko ndani ya mutumbwi, nimekaa muzuri. Sasa nyinyi munaomujua, muniambie: huyu fundi analia nini?

Simenti alimtazama Afande. Afande aliangalia viatu vyake. Na mimi nilikuwa nimeshika pembe ya kitenge changu, najifuta macho.